Ndoo ya Mwisho

Jumatatu, 5 Januari

Bomba za mtaa zimekauka kabisa. Alhamisi zilikohoa, Jumamosi zikatoa kutu, leo hata hewa hazitoi. Kwa hiyo mtaa mzima umehamia uani kwetu, kwenye kisima cha Baba, na foleni ya ndoo imefika mpaka duka la kona. Baba amevaa shati lake jeupe kama anapokea wageni wa harusi. Alikuwa mwashi maisha yake yote, amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, lakini hakuna alichokijenga anachokipenda kama kile kisima.

Sheria yake ni moja: mwenye kisima huchota mwisho. Mama alitaka kujaza pipa la jikoni asubuhi kabla watu hawajaja, akatazamwa jicho moja tu, akairudisha ndoo. "Mgeni halishwi makombo," Baba akasema. Basi sisi tunachota jioni, mtu wa mwisho akishaondoka, pampu ikiwa imeunguruma kutwa nzima.

Mimi peke yangu huchota alfajiri, tena chupa moja ya sampuli. Idara ya maji, ninakofanya kazi, inataka sampuli zifike maabara kabla ya saa mbili. Leo kisima cha Baba kimetoa kloridi, kipimo cha chumvi, 118. Mwisho unaokubalika ni 250. Nilipomwambia akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akaenda kuwatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba binti yake ameyapima na ni matamu.

Alhamisi, 8 Januari

Mdogo wangu amefika na mabegi matatu na mto wake wa kulalia. Amekuja kujifungulia nyumbani, maana shemeji ni dereva wa malori ya masafa na anaweza kukaa njiani wiki tatu. Mimba ina miezi mitano. Ya kwanza ilitoka mwaka juzi, kwa hiyo Mama anambeba kama yai. Nimenyang'anywa kitanda cha dirishani bila hata kuombwa.

Jambo la kwanza aliloliona ni vidole vyangu. "Dada, umetoka kusugua masufuria?"

Nikamweleza. Unamimina maji kwenye chupa ya kupimia, unatia matone ya kromati, yanakuwa manjano kama ndimu iliyoiva. Kisha unafungulia bureti, mrija wa kioo wenye alama za kupimia, nitrati ya fedha inadondoka tone kwa tone huku unazungusha chupa. Kadiri chumvi ilivyo nyingi ndivyo matone yanavyokwenda mengi, na umanjano unabaki palepale. Chumvi ikiisha, tone moja tu linageuza maji yote kuwa rangi ya tofali. Hapo unafunga na kusoma. Na hiyo nitrati ikikugusa huioni. Kesho yake, jua likishaipiga, ngozi inakuwa nyeusi, na hakuna sabuni ya kuitoa.

"Kwa hiyo serikali inakulipa ukae ukitazama maji yabadilike rangi?"

"Na mumeo analipwa kwa kukaa kwenye kiti."

Tulicheka mpaka Mama akagonga ukuta. Nilikuwa nimemkumbuka huyu mdogo wangu, sikujua ni kiasi gani.

Jumatatu, 12 Januari

121. Joto la kuchemsha mayai.

Ijumaa, 16 Januari

Mama amegombana na mwenye duka. Anasema sabuni siku hizi ni feki, unasugua mpaka mkono unauma na povu halitoki. Mwenye duka amesema sabuni ni ileile, labda mikono ndiyo imezeeka. Mama amehamia duka la mtaa wa pili.

Jumatatu, 19 Januari

119. Nimeomba ruhusa nimsindikize mdogo wangu kliniki. Presha iko juu kidogo. Mkunga ni mama mfupi mwenye sauti ndogo, ila anatoa amri kama askari. "Chumvi ukome. Sikusema upunguze, ukome. Na maji unywe, unywe mpaka uchoke."

Mama kafika nyumbani akachukua kopo la chumvi, akalifungia sandukuni pamoja na hati ya nyumba. Tangu leo jikoni kwetu kunapikwa bila chumvi, wote tutakula hivyo kumuunga mkono mgonjwa. Baba amenuna.

Jumamosi, 24 Januari

Baba hanuni tena. Leo amelamba vidole. "Mimi nilidhani bila chumvi hakuliki. Kumbe mama yenu alikuwa amenificha utundu wake miaka yote." Mama alifurahi kama msichana.

Mdogo wangu akasema chai ina chumvi. Wote tukamcheka. Mama akasema mimba yangu mimi ilimfanya aone kila kitu kinanuka mafuta ya taa. Mimi sikuonja, nilikuwa nimeshaweka vijiko vyangu vinne vya sukari, na tangu nianze kazi maji ya kunywa nanywa ofisini.

Jumatatu, 26 Januari

126. Mchicha wa Baba unakauka ncha, na humwagiliwa kila jioni. Anasema jua la mwaka huu lina kisirani.

Jumatatu, 2 Februari

124. Kliniki tena. Presha imepanda. Mkunga ameweka kalamu chini, akamtazama mdogo wangu. "Unakula nini kwa siri?"

"Sili kitu. Hata chakula chenyewe hakina chumvi."

"Mwili hausemi uongo, bibi."

Mama akanitazama mimi, mimi nikatazama bango la chanjo ukutani.

Jumamosi, 7 Februari

Nilikuwa natandika vitanda, nikakuta mfuko wa karanga za chumvi chini ya mto wake. Mtupu. Anasema ni wa safarini, alikuja nao tangu Januari, ulijibana ndani ya foronya. Nimemuuliza kama foronya haijafuliwa tangu Januari. Akaninyang'anya mfuko. Nimempa jina jipya, Bi Karanga. Alitabasamu kidogo, si sana.

Jumanne, 10 Februari

Foleni imeanza saa kumi na moja alfajiri. Jirani yetu tunayemwita Redio anaisimamia bila kuteuliwa. Anajua nani kaachika, nani kafukuzwa kazi, na sasa anajua presha ya mdogo wangu kwa tarakimu zake zote mbili. Simpendi mtu huyu na sijui kuficha.

Jumatatu, 16 Februari

131. Inapanda pole pole, kawaida ya kiangazi. Miguu ya mdogo wangu imevimba, viatu haviingii. Anavaa kandambili za Baba.

Jumatano, 18 Februari

Leo amemwaga chai kwenye karo mbele ya Mama, kikombe kizima. Anasema ana kiu isiyokwisha, kila akinywa ndiyo inaongezeka. Kisha akaniuliza, "Dada, umeyapima maji ya kwenye pipa?"

"Nimepima ya kisima. Pipa linajazwa kutoka wapi, mbinguni?"

"Nauliza tu."

"Kila Jumatatu nayapima. Maji hayana shida. Shida ni mdomo wako."

Alikwenda kulala bila kula. Mama amesema nimemsema vibaya. Nimesema kudekezwa ndiko kulikomfikisha hapa. Mtu wa miaka ishirini na sita anaficha karanga kama mtoto wa chekechea, na aliye tumboni hana pa kukimbilia. Nina hasira naye, naandika wazi.

Jumatatu, 23 Februari

127. Birika limefanya ukoko mweupe ndani. Sabuni ya duka la pili nayo feki.

Jumatatu, 2 Machi

Siku mbaya. Presha imepanda mno, na kwenye mkojo kuna protini. Mkunga hakufoka leo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Amempa vidonge, amesema akiumwa kichwa au akiona nyotanyota aje hapo hapo, hata usiku. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, ukishindwa kujihurumia mwenyewe, mhurumie huyo."

Mdogo wangu akalia njia nzima. "Kwa nini hakuna anayeniamini? Hata wewe?"

Nikamwambia, "Ya kwanza ilikutoka. Hii nayo unataka kuiua kwa mdomo?"

Nimeliandika kama nilivyolisema. Alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikamkwepa. Akanitangulia mpaka nyumbani.

Safari hii kliniki walituita mapema, sikuchota sampuli asubuhi. Jioni, baada ya Mama kujaza pipa, nikajaza chupa yangu kutoka humo humo pipani ili nisikose ya wiki hii.

Jumanne, 3 Machi

Kuna kitu cha ajabu leo. Nimetia kromati, manjano safi. Nikafungua bureti. Kwa kisima cha Baba mkono wangu umezoea, nafungua kidogo, nahesabu pumzi chache, nafunga. Leo nikangoja. Nikazungusha, nikangoja. Pale tone linapoangukia panakuwa pekundu, ukizungusha panarudi manjano, kama mtu anayekucheka. Bureti ikaisha yote na maji yako vilevile.

Nikadhani nitrati imeharibika. Mkemia, mkuu wetu wa maabara, akasema tujaribu na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Tone la kwanza tu, tofali. Nitrati haina shida. Tukajaza bureti tena, tukaendelea na sampuli ile. Ilipogeuka tulisoma 1,420.

Mkemia ni mtu mpole, anavaa miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Akauliza, "Chupa uliisuuza?" Nikasema niliisuuza. "Umechota kisimani?" Nikasema hapana, pipani, jikoni. "Basi hiyo ni sampuli chafu. Jikoni kuna chumvi kila mahali." Nikamwambia kwetu chumvi imefungiwa sandukuni. Akacheka. "Na huyo mdogo wako mla karanga?"

Nami nikacheka. Hata nikaona inaelekea: mtu anayeiba chumvi lazima ana pa kuifichia. Tumekubaliana nichote upya kesho, kwa utaratibu.

Jumatano, 4 Machi

Nimechota alfajiri, pampuni, kabla ya foleni. 129. Ile ya jana nimeikata mstari.

Nimemwambia mdogo wangu kwamba nimerudia kipimo na maji hayana kitu. Alikuwa amejilaza, kitambaa usoni. "Sawa, Dada," akasema.

Jumamosi, 7 Machi

Niko kwenye benchi la hospitali. Nitaandika, nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Jana mchana simu iliita kazini. Redio. Sikutaka kupokea. Ilipoita mara ya tatu nikapokea, akasema, "Njoo hospitali kuu, usipitie nyumbani." Mdogo wangu alikuwa jikoni anamsaidia Mama kuchambua mchele. Akasema anaona vitu vinametameta kwenye sinia. Kisha akaanguka na kuanza kutetemeka mwili mzima, povu mdomoni, macho yamegeuka. Mama alibaki amesimama na ungo. Redio alikuwa kwenye foleni, akasikia sinia likianguka. Ndiye aliyeingia mbio, akamlaza ubavu, akampakata kichwa kisigonge sakafu, akamtuma mtu akamate gari lolote. Nilipofika nilimkuta kwenye korido, kanga yake imelowa, ameshika kandambili za Baba. Nimemsema vibaya mtu huyu kwa miaka.

Kifafa cha mimba. Wamempasua saa kumi. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Mama aliuliza, "Wamemvisha nguo?" Muuguzi akasema ndiyo. Mama akasema, "Nguo za manjano nilizifua mimi, ziko kwenye kapu," kana kwamba hilo ndilo la kushughulikia. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa wodi na shati lake jeupe. Hakuingia wala hakutoka, watu wakawa wanampitia pembeni.

Mdogo wangu hajaamka vizuri. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu kwa usingizi, anasema figo zimechoka sana. Ameuliza chakula. Nikasema hakuna chumvi. Akauliza maji. Nikafungua mdomo niseme nimeyapima. Niliiona ile bureti ikiisha na maji yako manjano. Niliona mchicha, na sabuni, na birika. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nalipwa kwa kutazama.

Jumapili, 8 Machi

Nimewaacha Mama na Redio hospitali. Nimekaa kisimani kutwa na kreti la chupa. Nilichota alfajiri kabla ya foleni, kisha kila baada ya muda, mpaka mtu wa mwisho alipoondoka. Sikuonja hata moja mpaka jioni. Ya jioni nikaionja. Sikuhitaji maabara.

Jumatatu, 9 Machi

Mkemia hakuuliza mbona nimefika na chupa nyingi. Tulipanga mezani kwa mfuatano. Ya alfajiri ikageuka upesi: 128. Iliyofuata ikachelewa. Ya mchana, 610. Ya jioni tulijaza bureti mara mbili. Mwisho zilisimama zote pale dirishani, zote rangi ya tofali, huwezi kuzitofautisha. Mkemia akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akavua tena.

Akalieleza kwa sauti ya chini ingawa nilishaelewa. Chini ya mtaa wetu kuna maji ya chumvi, siku zote yalikuwepo. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu yake. Pampu ikivuta kutwa kwa ajili ya mtaa mzima, matamu yanakwisha, ya chini yanapanda. Pampu ikilala, matamu yanajikusanya juu tena, na alfajiri mtu wa maabara anakuja na chupa yake.

"Hakuna kanuni inayosema tupime jioni," akasema.

"Najua."

"Nami ndiye niliyekuambia ni chafu."

"Mimi ndiye niliyekata mstari," nikamwambia.

Nikapita hospitali kumuuliza daktari. Hakunipa raha ya jibu moja. Amesema chumvi peke yake haileti ugonjwa huu, wengine huupata wakinywa maji safi kabisa. Lakini mwenye presha kunywa yale kila siku, tena kwa kuamriwa anywe mengi, ni kutia mafuta kwenye moto. Nilitaka aseme ni sisi au aseme si sisi.

Baba nilimkuta uani anafagia pasipo na taka. Nilimweleza kwa lugha ya ujenzi, nikasema maji yamekaa kama matabaka, na tabaka la juu huchukuliwa na watu wa kwanza. Aliacha kufagia.

"Wa mwisho anapata lipi?"

Nikaupokea ufagio mkononi mwake.

"Nakuuliza wewe mwenye kupima. Wa mwisho anapata lipi?"

"La chini, Baba."

Alikaa kwenye ukingo wa kisima. "Miezi miwili," akasema. "Watu wananiombea dua hapa uani, na mimi nawapa wanangu lile la chini." Kisha akasema, "Na chakula nilikuwa nakisifu." Sijawahi kumwona Baba akilia. Analia bila sauti, mabega tu.

Jumanne, 10 Machi

Alfajiri Baba alifungua pampu mwenyewe. Foleni ilikuwa tayari. Akaweka ndoo yetu mbele ya ndoo zote, akaijaza mpaka ikafurika, akaibeba kupita katikati ya watu. Miaka yote hawajawahi kumwona akichota kwanza. Alifika jikoni, akaitua, akasimama. Mdogo wangu yuko hospitali, Mama yuko hospitali, mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wa kazi. Hakukuwa na wa kumpa. Nikachukua kikombe nikanywa kwa sababu alikuwa ananitazama.

Alhamisi, 12 Machi

Tumemzika mtoto asubuhi. Kisanduku alikibeba shemeji, peke yake, alikataa kusaidiwa. Alifika jana na lori lake lote, kaliacha barabarani na mizigo ya watu.

Waombolezaji walipokaa, mzee mmoja wa mtaa, kwa nia njema tu, akamwambia Baba, "Usijilaumu. Majuto ni mjukuu." Akasikia alichokisema. Uani tukasikia kuku akiparura. Redio ndiye aliyetuokoa, alianza kugawa chai kwa sauti kubwa, akimwita kila mtu kwa jina lake. Chai ya maji ya asubuhi.

Jumatatu, 16 Machi

Jana asubuhi 130, jioni 1,510. Kuanzia leo pampu inazimwa saa nne asubuhi na kisima kinalala. Nimewaeleza wote kwa nini. Wanaofika wamechelewa wanasema binti wa mwashi amekuwa mchoyo tangu apate msiba. Mwingine aligonga geti kwa teke.

Mkemia ameagiza visima vyote vya eneo hili vipimwe jioni. Mpaka leo vitatu vingine viko kama chetu. Kimoja ni cha shule.

Ijumaa, 20 Machi

Wamemruhusu. Amekonda uso, miguu bado mizito, na jicho la kushoto linaona ukungu. Vidonge vya presha ataendelea navyo, daktari hakusema mpaka lini. Nilikwenda kumpokea, nikataka kumshika mkono kwenye ngazi. Akaushika wa Redio, aliyekuja nami.

Nilimwambia jioni hiyo hiyo. Nilisema ulikuwa mkweli tangu mwanzo, ile sampuli ya pipa ilikuwa sahihi, niliikata. Nilisema nisamehe. Alisikiliza yote akikunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Siku uliyoikata ilikuwa lini?"

"Jumatano. Tarehe nne."

"Ijumaa ilikuwa bado haijafika," akasema. Akafumba macho, nikatoka.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Imenyesha tangu asubuhi, kwa kelele za mabati hatusikilizani. Watu wametoka nje na mabeseni, wanacheka. Mama amefunga madirisha.

Jumatatu, 30 Machi

Asubuhi 104. Jioni 160. Mama amefua, povu limefurika beseni. Alilitazama muda mrefu, kisha akalimwaga, akaenda kukaa chumbani kwake.

Jumatatu, 6 Aprili

Bomba za mtaa zimerudi. Uani kwetu hakuna foleni, Baba anakaa kwenye kiti chake bila la kufanya na hataki kurudi kwenye shati jeupe. Nimepima kisima alfajiri, mchana na jioni: 92, 92, 95. Mara zote tatu tone la mwisho limeangukia karibu pale pale.

Mkemia ameniruhusu kuja na bureti nyumbani, kwa leo tu. Nilipanga vitu kwenye kimeza kando ya kitanda cha dirishani ili mdogo wangu aone mwenyewe. Manjano, matone machache, tofali. Alitazama yote. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi na nilijaribu kuvikunja.

Nikamletea kikombe cha maji ya kisima.

"Umechota saa ngapi?"

"Jioni hii. Pampu imefanya kazi kutwa, Baba ameiwasha makusudi. Nimechota ndoo ya mwisho."

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiangalia ndani, akanirudishia. "Kunywa wewe."

Nikanywa chote, nikamwonyesha kitako cha kikombe.

"Yana chumvi?"

"Hayana," nikasema. "Hayana kabisa."

"Hata siku ile uliniambia hayana," akasema. Akavuta shuka, akageukia ukutani.